Majivu ya Mkristo

Ukitoka Morogoro kwa barabara kuu ya Iringa na kuvuka Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, unaingia mji mdogo wa Mikumi, wilayani Kilosa, wa malori, nyumba za wageni na maduka yasiyofunga mapema. Hapo ipo Hospitali ya Mtakatifu Kizito, ya Kanisa Katoliki. Wengi waliozaliwa humo au waliotibiwa humo wanalijua jina kuliko habari za mwenye jina. Kizito alikuwa kijana wa miaka kama 14, mtumishi katika jumba la Kabaka Mwanga wa Buganda. Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, alizungushiwa matete na kuchomwa moto akiwa hai, pamoja na wenzake Wakatoliki na Waanglikana, kwa kuwa walikataa kuiacha imani yao. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda, na Kizito ndiye mdogo wao kuliko wote.

Mwili wake uliliwa na moto. Hakuna Mkristo Mikumi anayesema kwamba Kizito hatafufuka.

Hata hivyo, uliza msibani, Mikumi au Kilosa mjini, kama Mkristo anaweza kuacha wosia kwamba akifa mwili wake uchomwe badala ya kuzikwa. Vichwa vitatikiswa. Mmoja atasema moto ni wa jehanamu. Mwingine atasema hiyo ni desturi ya Wahindu. Wa tatu atauliza majivu yatafufukaje. Na mama mmoja mtu mzima, aliyenyamaza muda wote, atauliza swali gumu kuliko yote: basi palizi ya kaburi tutakwenda kuifanya wapi?

Maswali hayo hayafanani. Mengine ni ya imani, na yana majibu yaliyokwisha kutolewa na makanisa yenyewe. Lile la mama ni la ukoo na ardhi, na hilo ndilo linalowafunga watu zaidi, ingawa katika mabishano husemwa mwishoni.

Tuanze na Biblia. Hakuna aya inayomwamuru mwamini azikwe, wala inayomkataza kuchomwa akishakufa. Kuna desturi, na desturi hiyo ni ya kuzika. Ibrahimu alinunua pango la Makpela kwa shekeli 400 za fedha ili amzike Sara. Yusufu aliwaapisha ndugu zake kwamba mifupa yake itatolewa Misri. Yesu mwenyewe alilazwa kaburini, na kwa Wakristo wengi hoja hiyo peke yake inatosha kupenda kuzikwa.

Moto unapotajwa katika Agano la Kale mara nyingi huwa ni adhabu. Akani na nyumba yake, baada ya kupigwa mawe, walichomwa. Nabii Amosi aliwalaumu Wamoabu kwa kuichoma mifupa ya mfalme wa Edomu hata ikawa chokaa. Lakini isome vizuri habari hiyo: kosa la Moabu lilikuwa kumlipizia kisasi maiti, kumfuata adui hadi kaburini. Kisha usome mwisho wa kitabu cha kwanza cha Samweli. Wafilisti walikuwa wameutundika mwili wa Sauli ukutani. Mashujaa wa Yabeshi-Gileadi wakatembea usiku kucha, wakauchukua pamoja na miili ya wanawe, wakaichoma, wakaizika mifupa chini ya mti na kufunga siku saba. Daudi alipopata habari aliwabariki. Tendo la moto ni lile lile, ila wa Moabu walichoma kwa chuki na wa Yabeshi kwa heshima, na maandiko yanapima nia hiyo.

Kuhusu ufufuo, Mtume Paulo anafananisha mwili na punje inayopandwa ardhini ikatokea kitu kingine, na kitabu cha Ufunuo kinasema bahari itawatoa wafu wake. Mabaharia, waliozama na MV Bukoba mwaka 1996 ambao hawakuonekana tena, walioliwa na wanyama, wote hao imani inawahesabu. Kaburini nako mwili hausubiri ukiwa mzima. Ardhi ya tambarare za Kilosa, yenye joto na maji mengi wakati wa masika, haichukui miaka mingi kuufanya mavumbi. Moto unafanya kwa saa mbili kazi ambayo udongo unaifanya kwa miaka.

Watesi wa kale walidhani vingine. Mwaka 177, katika mji wa Lyon ambao leo uko Ufaransa, Wakristo waliuawa, miili yao ikachomwa, majivu yakatupwa katika mto Rhône, na wauaji walisema wazi kwamba wanataka kuwakatisha tamaa ya kufufuka. Kanisa halikukata tamaa. Mwandishi Mkristo wa enzi hizo, Minucius Felix, aliwajibu wapinzani kwamba Wakristo hawaogopi hasara yoyote kutokana na namna ya maziko. Wanazika kwa sababu wanaiona ndiyo desturi ya zamani na iliyo bora. Jibu hilo lina karne kumi na nane hivi, na mpaka leo sijaona lililo sahihi zaidi.

Ukali ulikuja baadaye, na ulikuja na siasa. Mwaka 785 mfalme Karolo Mkuu, alipokuwa akiwatiisha Wasaksoni wa Ujerumani, aliweka adhabu ya kifo kwa atakayechoma maiti kwa desturi ya kipagani. Kwa muda wa miaka elfu moja hivi Ulaya ya Kikristo ilizika tu. Halafu, katika karne ya 19, viwanda na kipindupindu vilipoijaza miji na makaburi yake, madaktari na wahandisi wakaanza kuleta hoja ya tanuri. Nchini Italia na kwingineko hoja hiyo ilichukuliwa pia na watu waliotaka kulikomoa Kanisa, wakachagua moto ili kutangaza kwamba hakuna ufufuo. Roma ikajibu kwa ukali. Tarehe 19 Mei 1886 idara kuu ya mafundisho ya Kanisa Katoliki ilipiga marufuku waamini kujiunga na vyama vya kuchoma maiti au kuagiza miili yao ichomwe.

Hiyo ilikuwa siku 15 kabla ya Namugongo. Kanisa lililokuwa likikataza moto kwa wanaoukana ufufuo, katika majuma hayo hayo lilipata watakatifu wake wa kwanza wa Afrika Mashariki kutoka motoni. Mambo haya mawili hayapingani. Yote mawili yanaonyesha kwamba tangu mwanzo hoja ilikuwa juu ya anachoungama mtu, na tanuri lilikuja nyuma ya hapo.

Wale waliochoma kwa ubishi walipopungua, sababu ya marufuku nayo ilipungua. Mwaka 1963 Roma iliruhusu. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1176, zinasema Kanisa linahimiza sana desturi ya kuzika, ila halikatazi kuchoma, isipokuwa mtu amechagua hivyo kwa sababu zinazopinga mafundisho ya Kikristo. Mwaka 2016 yakatoka maelekezo mapya: majivu yawekwe mahali patakatifu, kama makaburini au kanisani, yasitawanywe hewani wala majini, yasigawanywe kwa wanafamilia, yasiwekwe kabatini nyumbani. Desemba 2023 Roma ililegeza kidogo, ikasema familia inaweza kuomba sehemu ndogo ya majivu iwekwe mahali penye maana kwa marehemu, mradi wazo lenyewe lisiwe la kuikana imani.

Kwa hiyo Mkatoliki wa Kilosa anayesema Kanisa limekataza ana habari ya kweli iliyokwisha muda wake zaidi ya miaka sitini.

Waanglikana, ambao injili yao ilifika nchi ya Wakaguru hapa Kilosa mapema, kwenye vituo vya Mamboya na Berega, hawana katazo. Uingereza mabishano yalikwisha kwa mfano zaidi kuliko kwa hoja. Mwaka 1884 hakimu mmoja huko Wales aliamua kwamba kuchoma maiti si kosa la jinai, na mwaka uliofuata tanuri la Woking likaanza kazi. Miaka 60 baada ya uamuzi huo, mwaka 1944, alifariki William Temple, Askofu Mkuu wa Canterbury. Mwili wake ulichomwa, na majivu yakazikwa kwenye kanisa kuu la Canterbury karibu na kaburi la baba yake, ambaye naye aliwahi kuwa Askofu Mkuu. Leo zaidi ya robo tatu ya wanaokufa Uingereza huchomwa.

Walutheri nao hawana fundisho linalokataza, na Wasabato wanafundisha kwamba Mungu aliyeumba kwa mavumbi hashindwi na majivu. Wapentekoste wanategemea mchungaji wao, na wengi wa wachungaji hao hapa kwetu wanapinga. Wanaokataza kabisa ni Waorthodoksi, na msimamo wao unastahili kuheshimiwa kwa sababu unatoka katika kuuenzi mwili kama hekalu, wala hautokani na hofu ya moto. Ugiriki kwenyewe tanuri la kwanza la kuchomea maiti lilifunguliwa mwaka 2019 tu.

Mfano ulio karibu zaidi nasi uko Kenya. Mwaka 2002 Mary Kuria, mke wa Askofu Mkuu mstaafu wa Kanisa Anglikana Manasses Kuria, alifariki na mwili wake ukachomwa. Nchi nzima ilizungumza. Askofu aliyeongoza Kanisa hilo kuanzia 1980 hadi 1994, mhubiri mashuhuri, anamchomaje mkewe? Mzee Kuria hakutetereka, na alipofariki mwaka 2005 naye alichomwa vile vile. Hapakuwa tena na mtu wa kusema kwamba wanaofanya hivyo ni wasioamini.

Baada yao wakafuata wengine. Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel na Mkatoliki, alifariki Septemba 2011. Alikuwa ameagiza asizikwe ndani ya jeneza la mbao, yeye aliyetumia maisha yake kupanda miti. Jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, akafanyiwa maziko ya kitaifa, kisha mwili ukachomwa Kariokor, Nairobi, kwenye tanuri la jumuiya ya Wahindu. Kenneth Matiba, mwanasiasa aliyewekwa kizuizini kwa kudai vyama vingi, aliombewa Murang'a na Nairobi Aprili 2018, kisha akachomwa Lang'ata. Charles Njonjo, mwanasheria mkuu wa kwanza Mwafrika wa Kenya huru, alifariki asubuhi ya tarehe 2 Januari 2022 akiwa na miaka 101, na kabla ya jua kutua alikuwa amechomwa, kama alivyoagiza.

Orodha hiyo ni ya watu wa mjini, wenye elimu na fedha, waliozungukwa na wanasheria. Nairobi ina matanuri. Kilosa haifanani na Nairobi.

Kilosa ni nchi ya Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, makabila ambayo kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwenye msiba sauti ya mjomba si ndogo. Yeye na wazee wa ukoo ndio wanaoulizwa marehemu alazwe wapi, na wapi hapo mara nyingi ni pale walipolala bibi na wajomba waliotangulia. Kuna jirani Mwislamu pia, kwa maana Kilosa ni wilaya ya dini mbili zinazozikana. Anakuja na jembe kuchimba kaburi la Mkristo, na Mkristo anakwenda kubeba jeneza la Mwislamu. Uislamu hauruhusu kuchoma maiti. Familia ikichagua moto, jirani huyo anabaki hana la kushika, na tendo la mwisho la ujirani linapotea. Hili katika vitabu vya teolojia halimo, lakini kijijini lina uzito.

Na kuna ardhi. Kilosa imegombewa tangu Wajerumani walipopitisha reli ya kati na mashamba ya mkonge yakafuata. Mashamba yakafa, mengine yakagawiwa, mengine yakabaki pori lenye hati. Wakulima wakaongezeka, wafugaji wakafika. Desemba 2000 huko Rudewa Mbuyuni watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Katika nchi ya namna hiyo kaburi la babu ni ushahidi. Mzee asiye na karatasi anapeleka baraza la ardhi penye makaburi na kuonyesha. Mtu akichomwa Dar es Salaam na majivu yakabaki huko, ukoo unapoteza mtu na unapoteza alama.

Hata hivyo alama hizo nazo huhamishwa. Reli mpya ya mwendo kasi inayopita Kilosa kuelekea Dodoma, kama miradi mingine mikubwa nchini, hukutana na makaburi njiani. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 inaruhusu kaburi lililo kwenye ardhi inayotakiwa kwa manufaa ya umma lifukuliwe na mabaki yazikwe kwingine, na fidia yake inahesabu hata gharama za ibada au tambiko la kumtuliza marehemu. Serikali ya nchi huru ilitambua katika sheria kwamba mfu ana haki ya kuombwa radhi anapohamishwa. Nadhani hapo pana funzo kwa makanisa pia: anayeagiza kuchomwa anahitaji ibada iliyo kamili, yenye sala, nyimbo na mahali, kama anayezikwa.

Wale wanaofikiri moto ni rahisi wafanye hesabu. Tanuri la kisasa huunguza kwa joto la nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi, kwa saa moja na nusu au mbili, na hubakiza kilo mbili tatu za vipande vya mifupa vinavyosagwa. Linahitaji gesi, dizeli au umeme mwingi. Kwa kuni, kama Wahindu wanavyofanya kwa jadi, mwili mmoja hula kilo 400 hadi 500. Hapa wilayani vijiji kama Ulaya Mbuyuni na Ihombwe, kati ya Kilosa na Mikumi, vimejifunza kwa miaka kadhaa kuvuna misitu yao kwa mpango ili mkaa usiimalize. Huko hakuna atakayeona kuni hizo ni kitu kidogo. Anayeagiza moto kwa ajili ya kutunza ardhi lazima ahesabu na miti.

Upande wa pili kuna gharama za kuzika, na zimepanda. Kumtoa marehemu Dar es Salaam hadi Mikumi ni safari ya kilomita kama 300: gari, chumba cha maiti, jeneza, chakula cha waombolezaji kwa siku kadhaa, baadaye saruji na marumaru ya kujengea kaburi. Michango ya msiba humaliza akiba ya ada za shule. Kwa Mtanzania aliyefia Ulaya au Marekani, kusafirisha mwili ni mzigo unaofanya jumuiya nzima ya wahamiaji ipitishe bakuli kwa wiki nyingi. Majivu yanabebeka kwenye mkoba. Kwa familia ya namna hiyo, kuchoma kunaweza kuwa ndiyo njia pekee ya kumrudisha mtoto wao Kilosa, akazikwe kando ya bibi yake. Sioni ni dhambi gani iliyo hapo, na mchungaji atakayekataa kusimama kwenye kaburi hilo dogo atakuwa amewaongezea waliofiwa mzigo ambao kanisa lake halikuwatwika.

Mkoa wa Morogoro umewahi kuzika watu waliokwisha kuungua. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu, pale barabara ya Iringa inapoachana na ya Dodoma, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, ukatokea mlipuko. Waliokufa wakapita 100. Wengi hawakutambulika kwa sura, ikabidi zichukuliwe sampuli za vinasaba. Walizikwa makaburi ya Kola kwa sala za Wakristo na za Waislamu, na hakuna kiongozi wa dini aliyesimama pale akasema moto umewatenga na Mungu. Yaliyosemwa Kola siku ile ndiyo imani yenyewe. Haiwezi kubadilika kwa sababu mwingine ameuchagua moto kwa utulivu, baada ya kufa, kwa wosia.

Kinachobaki ni nani anaamua, na hapo Kenya inafundisha tena. Wakili S. M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mjane wake Wambui alisema mumewe alitaka kuzikwa karibu na Nairobi. Ukoo ukasema azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Rufaa, mwili ukakaa chumba cha maiti miezi mitano, na Mei 1987 ukoo ulishinda. Huyo alikuwa mwanasheria mwenye kuzijua sheria, na ugomvi ulikuwa wa kaburi gani tu. Ungekuwa wa kaburi au moto, sijui ungeishia wapi.

Ndiyo maana mwamini wa Kilosa au Mikumi anayetaka kuchomwa hana budi kulisema jambo hilo mapema, akiwa mzima na kifo kikiwa mbali. Amwambie mwenzi wake na watoto, na aende mwenyewe kwa mjomba na wazee wa ukoo, wasije wakalisikia kwa mara ya kwanza mbele ya jeneza. Amwone padri au mchungaji wake aeleze sababu zake, kwa sababu Kanisa Katoliki linauliza sababu, na kwa kuwa misa ya kumwombea marehemu hupendekezwa ifanyike mwili ungali upo. Aandike kwenye wosia mahali majivu yatakapozikwa, na mahali hapo pawe kwao, penye jina na msalaba, ili yule mama ajue palizi ataifanyia wapi. Parokia na sharika zenye makaburi yake zinaweza kutenga kona moja kwa ajili hiyo; shimo la majivu halizidi hatua moja. Nakala ya wosia ikae kanisani, nyingine kwa mjomba.

Na asiyetaka, azikwe. Kanisa lake bado linamwambia kwamba hiyo ndiyo desturi linayoipenda zaidi, na hahitaji kumshutumu jirani yake ili aifuate.